Katibu wa Mashineni

Leodegar hakuwa mjinga, na nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu wengi wanaosimulia habari zake hapa Ifakara huanza kwa kucheka. Nilifanya naye kazi miaka saba katika mashine moja ya kukoboa mpunga. Yeye alikuwa fundi mwendesha mashine, mimi mpepetaji, kazi yangu kutenganisha mchele mzima na chenga zilizovunjika na kufagia pumba. Mtu uliyekaa naye katika vumbi lile miaka saba unamjua hata kama hamzungumzi sana, maana injini ikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake.

Alizaliwa Mkula, mtoto wa mwisho wa mkulima wa mpunga. Mama yao alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na dada yake Aurelia. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akaja Ifakara kubeba magunia kwenye mashine ya ushirika. Fundi mmoja mzee alimwona jinsi anavyosimama kila mara karibu na injini, akamfundisha kuisikiliza. Ushirika ulipolegea na mashine yao kufa, akarudi shambani. Huko alikaa mpaka mwaka 1988, Mwalimu Eustaki alipostaafu ualimu, akaleta mashine yake ya dizeli na kuijengea kibanda kando ya njia ya kwenda Lumemo. Alipouliza mjini nani ataiweza, aliambiwa jina moja.

Mashine nyingine zilivunja mchele. Ya kwetu haikuvunja, na sababu ilikuwa Leodegar. Ukimletea mpunga alichukua punje mbili tatu, akazitafuna kwa meno ya mbele, akakwambia, "Huu bado una maji, kauanike siku mbili." Watu walikasirika, wakarudi nao, wakaanika, na mwisho walikuja kushukuru. Wengine walifika na kuuliza kwanza kama fundi yupo, na wakiambiwa ameenda msibani waliacha magunia yao na kuondoka. Nyumbani alikuwa na mkewe Sikitu, watoto wanne na shamba lisilozidi nusu ekari. Ile mashine ndiyo iliyomfanya aitwe fundi, na bila hiyo alikuwa mbeba magunia kama alivyokuja.

Sasa Mwalimu Eustaki. Nusu ya mji huu ilikuwa imechapwa viboko naye. Alifundisha miaka thelathini, na hata alipokuwa anauza pumba alizungumza kama yuko mbele ya darasa. Hakuwa mtu mbaya, nami sitaki kumgeuza shetani ili hadithi yangu inoge. Sikitu aliposhindwa kujifungua mtoto wa tatu, Mwalimu aliwasha gari lake mwenyewe akampeleka hospitali, akakaa nje mpaka mtoto akalia. Leodegar hakulisahau hilo. Lakini mtu anaweza kukutendea wema mkubwa na bado akakuvuruga kichwa, na huyu alituvuruga vichwa wote.

Ilianza mwaka 1994. Vyama vingi vilikuwa vimesharuhusiwa, na sheria ilikuwa imesema matawi ya vyama yatoke makazini. Mwalimu alisema hilo ni la maofisini, pale ni kwake. Kila Jumamosi saa nane mchana injini ilizimwa, tukafagia, tukanawa uso, kisha tukakaa juu ya magunia. Alikuwa ameupaka rangi nyeusi mlango wa stoo kwa ndani, na hapo aliandika kwa chaki. Tulikuwa wafanyakazi kumi na wawili: wabebaji, wapepetaji, mshona magunia, mlinzi na fundi. Alitufundisha chama chake, kile kilichokuwa kikitawala, kama alivyokuwa akifundisha jiografia. Upande mmoja aliandika Amani, Umoja, Uzoefu. Upande wa pili aliandika habari za chama kipya, ambacho hakukitaja kwa jina, alikiita Wenye Njaa. Kisha aliuliza maswali, na ukishindwa kujibu ulibaki umesimama, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya vijana wa kubeba magunia.

Sisi wengine tulijibu ili tukae. Nilikuwa nakariri pale pale na kufika nyumbani nimeshasahau, na sikuona kama kuna ubaya. Leodegar alinunua daftari. Aliandika kila neno, akauliza pale asipoelewa, akamsomea mkewe jioni wakati anapika. Sikitu alinilalamikia siku moja tukiteka maji.

"Dada Kristina, mume wangu siku hizi ananihutubia. Namwomba anishikie mtoto, ananieleza umoja wa taifa."

Nilicheka. Ningejua mbele kuna nini nisingecheka.

Kilichomwingia hasa ni habari ya vita. Mwaka ule redio ilisema kila siku habari za Rwanda, watu wanavyouana na wengine wanavyokimbilia kwetu. Mwalimu alituambia kule mambo yalianza hivi hivi, kwa vyama kugombana, na kwamba tukicheza, Lumemo itapigana na Ifakara mjini. Leodegar aliamini. Siku hiyo tukitoka aliniuliza kama nimewahi kufikiria watoto wangu watakimbilia wapi. Nilimwambia nafikiria watakula nini. Akanitazama kama mtu asiyesikia, na mimi nikamwona amezidi.

Kufikia Krismasi tulikuwa na kadi wote kumi na wawili. Mwalimu alitangaza kwamba tawi limezaliwa na katibu wake ni Leodegar. Hakuna aliyepinga, nani angetaka kazi hiyo. Yeye aliichukua kwa mikono miwili. Jumamosi alikuja na shati safi kwenye mfuko wa nailoni, akalivaa baada ya kunawa, akatusomea taarifa ya wiki. Taarifa yenyewe ilikuwa nani amehudhuria na nani hakuhudhuria, lakini aliisoma kwa sauti ya kanisani.

Mwezi wa sita mwaka 1995, mavuno yamejaa hadi barabarani, Mwalimu Eustaki akasema anataka ubunge kupitia chama chake. Akatoa na agizo. Foleni ya mpunga isifuate tena nani amefika kwanza. Wenye kadi ya chama watangulie, wasio na chama wafuate, Wenye Njaa wakae nyuma kabisa. Kuuliza ilikuwa kazi ya katibu.

Nilimwona Leodegar akipita kwenye foleni na daftari lake. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyekuja na magunia sita kwenye mkokoteni wa ng'ombe, alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Chama chako kipi, mzee wangu?"

"Mimi nina ng'ombe mia na ishirini," akajibu. "Chama kingine sina nafasi nacho."

Leodegar alisimama pale muda mrefu na kalamu hewani. Mwishowe alimweka katikati.

Siku mbili baadaye alikuja Aurelia, dada yake, aliyekuwa ameolewa Lumemo. Alileta magunia matatu. Mumewe Vitus alikuwa mwanachama wa chama kipya, na haikuwa siri, maana bendera ilipepea juu ya paa lao. Leodegar alimwamkia kwa kuinama kidogo, kama alivyomwamkia siku zote.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nikoboleeni leo. Keshokutwa ni arobaini ya mama mkwe, watu wanatoka hadi Sanje."

Leodegar alifungua daftari, akalifunga. Alisema, "Dada, nyumba yenu iko nyuma kabisa. Itakuwa Alhamisi."

"Arobaini ni Jumatano."

"Najua, dada. Utaratibu haumwangalii mtu usoni."

Aurelia hakugombana. Alikaa juu ya magunia yake mpaka jua likageuka, akidhani mdogo wake atarudi na neno jingine. Hakurudi, na kwa mavuno yale mashine nyingine nazo zilikuwa na foleni. Jumatano waombolezaji waliotoka mbali, katika bonde hili la mpunga, katika nyumba yenye magunia matatu ya mpunga, walilishwa ugali. Kwa anayejua watu wa huku, aibu hiyo haisahauliki. Nilimkasirikia Leodegar sana. Nilimwambia hata Mwalimu mwenyewe asingemfanyia hivyo dada yake. Alinijibu kwamba akimpendelea dada yake, basi yote yaliyoandikwa mlangoni ni uongo. Nilirudi kwenye ungo wangu, kwa sababu mimi nilishajua ni uongo, au nilidhani hivyo, au sikuwahi kufikiri kama ni kweli wala uongo. Mpaka leo sina hakika lipi kati ya hayo.

Mwezi wa nane kura za maoni zikapigwa ndani ya chama, na Mwalimu Eustaki akaanguka vibaya. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne gari la chama kipya lilisimama nje ya nyumba yake, likakaa mpaka chai ya pili. Walikuwa na mgombea wao tayari, lakini walimpa uenyekiti wa kampeni. Jumamosi tulipokaa juu ya magunia, mlango wa stoo ulikuwa umefutwa, na kwa mwandiko ule ule mzuri pameandikwa Mabadiliko, Haki, Ukweli. Wale Wenye Njaa sasa waliitwa Wenzetu. Chama cha zamani kiliitwa Waliochoka.

Tulitazamana. Mshona magunia alinikanyaga mguu nisicheke. Mwalimu alifundisha saa nzima, na nasema kweli, alifundisha vizuri kama zamani, macho yakimetameta, kama mtu anayeamini. Kama aliamini kabla, au aliamini baadaye, au nyakati zote mbili, au hakuna hata wakati mmoja, mimi sijui. Mwishoni aliuliza kama kuna swali. Leodegar alisimama na daftari lake.

"Samahani, mwalimu. Ukurasa wa kumi na moja nimeandika kwamba vyama vingi vilileta vita Rwanda."

"Ndiyo."

"Haikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli kwa wakati ule."

"Ilikuwa mwaka jana tu, mwalimu."

Wabebaji walianza kukohoa. Mwalimu alitabasamu, tabasamu la mwalimu kwa mwanafunzi aliyemchosha.

"Siasa si hesabu, Leodegar. Futa, uandike upya."

"Niliandika kwa wino."

"Basi chana."

Hakuchana. Alikaa na daftari mapajani, akafunua mbele, akafunua nyuma, kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake. Hapo Mwalimu akasema lililobaki. Jumapili ya wiki iliyofuata kutakuwa na mkutano wa hadhara uwanjani. Wafanyakazi wote watapanda jukwaani, watarudisha kadi za zamani mbele ya watu, watapokea mpya.

"Kadi kumi na mbili," alisema. "Si kumi na moja. Atakayekosekana Jumapili, Jumatatu asijisumbue kuja."

Hakumtazama mtu yeyote, lakini sote tulimtazama Leodegar.

Wiki ile fundi wetu alivunja mchele. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisahau kutafuna punje, akaingiza mpunga mbichi, zikatoka chenga tupu, mwenye mpunga akapiga kelele mpaka watu wakajaa. Leodegar alizima injini, akasimama anatazama chenga zile mkononi mwake. Mchana, tulipokaa nyuma ya kibanda tukila viazi, alikuja kukaa karibu nami.

"Dada Kristina, wewe utarudisha?"

"Nitarudisha. Ni karatasi, kaka."

"Kwako ni karatasi." Alichukua kiazi, akakirudisha. "Nilipokuwa nasoma taarifa Jumamosi, ulikuwa unaamini?"

Ningeweza kumdanganya, lakini nilikuwa nimechoka naye, na pia nilimhurumia. Nilimwambia hapana.

"Na wengine?"

"Sijui ya wengine. Sidhani."

"Basi nilikuwa naamini peke yangu humu ndani," alisema. "Hata yeye hakuwemo."

Niliona aibu, na aibu ile ilinijia kama hasira. Nilimwambia aache kujitesa, mzee ameamua, sisi ni watu wa kufagia pumba, arudishe kadi akae na mashine yake. Mkewe Sikitu alikuwa amemwambia hivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi. Alimwambia watoto hawali ukurasa wa kumi na moja.

Ijumaa alikwenda Lumemo kwa dada yake. Aliyenisimulia ni Aurelia mwenyewe, miezi mingi baadaye, na aliposimulia alikuwa bado hajui acheke au alie. Leodegar alifika, akakataa kiti, akapiga magoti kuomba radhi kwa habari ya arobaini. Kabla dada hajasema kitu, shemeji yake Vitus alitoka ndani amefurahi.

"Karibu shemeji, sasa uko kwetu."

"Sijui, shemeji," Leodegar alijibu. "Nimeambiwa tu."

Aurelia alimwuliza, "Siku ile uliponirudisha nyuma, uliamini ulichokuwa unafanya?"

"Niliamini, dada."

"Na leo?"

"Leo nimeambiwa ulistahili kutangulia."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu."

Aurelia aliniambia kwamba mdogo wake angesema aliogopa kufukuzwa, yeye angemsamehe palepale, maana kuogopa anakujua. Lakini hilo jingine hakujua alishike wapi. Alimwinua, akampa maji ya kunywa, akamwambia aende nyumbani. Hakumwambia amemsamehe.

Jumapili uwanja ulijaa. Kulikuwa na ngoma, na vijana wamepaka masizi usoni. Tulipangwa mstari kwa urefu, kama darasa. Msemaji wa mkutano, kijana aliyetoka Morogoro mwenye kipaza sauti, alikuwa akituita mmoja mmoja. Unapanda, unainua kadi ya zamani, watu wanashangilia, unaitupa kwenye beseni, unapewa mpya, anakuuliza kwa nini umehama, na wewe unajibu tulivyofundishwa: nimechoka kudanganywa. Nilijibu hivyo. Sauti yangu ilitoka vizuri hata nikashangaa. Niliposhuka nilijisikia kama nimeimba kwaya.

Leodegar alikuwa wa mwisho. Alikuwa na lile shati lake la Jumamosi. Alipanda, akainua kadi, wakashangilia. Mkono wake ulikaa juu ya beseni, nikadhani atashuka nayo, na Mwalimu Eustaki aliyekuwa ameketi meza ya mbele akainua kidevu. Kisha kadi ikaanguka. Kumi na mbili. Nilipumua. Nilisema moyoni, ameokoka, Jumatatu tutakuwa naye.

"Mzee wetu," kijana akamwekea kipaza sauti mdomoni, "waambie wananchi. Kwa nini umehama?"

Leodegar alifikiri. Nilimwona akifikiri, uso wake wote ukifanya kazi, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli na anataka kulijibu sawasawa. Jibu tulilofundishwa alilijua, maana hakuna alichofundishwa akakisahau. Lakini swali alilisikia kama swali.

"Mwenye mashine amehama," alisema.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaja mbele kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa, uwanja mzima, wanawake wakishikana mabega, hata vijana wa masizi. Walidhani ni mzaha. Leodegar aliwatazama, akanitazama mimi, na niliona wazi hajui wanacheka nini. Alirudia tena, polepole, akidhani hawakusikia. Walicheka zaidi.

Mwalimu naye alicheka, ilimbidi. Lakini alikuwa wa kwanza kuacha.

Jumatatu tulimkuta kijana anaitwa Obed ameshika mpini wa kuwashia injini. Leodegar aliposogea, Mwalimu alimwambia kwa upole kabisa kwamba amechoka, apumzike, akihitajika ataitwa. Leodegar alisema kadi alirudisha.

"Ulirudisha," Mwalimu alisema. "Nenda nyumbani."

"Nilikosea wapi, mwalimu?"

Nilikuwa karibu, nimeshika ungo. Nilisubiri na mimi nisikie. Mwalimu aliingia stoo. Labda hakutaka kusema. Labda hakuwa na la kusema, maana yule mtu alifanya kila alichoagizwa na jibu lake halikuwa na uongo hata kidogo. Obed aliwasha injini na mazungumzo yakaishia hapo. Wiki mbili za kwanza wakulima waliuliza fundi yuko wapi, kisha wakazoea chenga.

Leodegar alirudi kubeba magunia, sokoni, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja. Watoto wa mjini walimwita Mwenye Mashine Amehama. Hakukasirika. Aliwauliza, kwa dhati, kwa nini inachekesha.

Uchaguzi ulikuwa Jumapili, mwisho wa mwezi wa kumi. Mwalimu alikuwa ameshaandika namba za shahada zetu za kupigia kura katika karatasi moja, akasema atajua nani kafanya nini. Nilijua hawezi kujua. Kisha nikafikiri, huyu ni mtu aliyesoma, labda anaweza. Niliingia kwenye foleni baada ya misa, na mbele yangu, watu wawili tu, alikuwa Leodegar. Kwake hakuna aliyechukua namba. Hakuwa na bosi wala tawi. Wabebaji wa sokoni hakuna aliyewafuata kuwaambia kitu, na katika foleni ile yote nadhani ndiye peke yake aliyekuja bila kuagizwa na mtu.

Alipokea karatasi zake, akaingia nyuma ya kitambaa. Akakaa. Msimamizi alitazama saa yake. Watu wakaanza kunung'unika. Msimamizi alimwita mara mbili, "Mzee, umemaliza?" Alitoka na karatasi amezikunja vizuri, akazitumbukiza, akachovya kidole kwenye wino.

Nilipomaliza nami nilimkuta nje, ameegemea ukuta upande wa kivuli. Nilimwuliza kulikoni akakaa vile.

"Mle ndani hakuna mtu," alisema. "Nikasema, haya, Leodegar, leo hakuna wa kukwambia. Wewe mwenyewe unataka nini?" Alikuwa anakitazama kidole chake. "Nikajisikiliza, dada Kristina. Hakukuwa na sauti yoyote."

"Ukafanyaje?"

"Nikazikunja."

"Tupu?"

"Tupu." Akageuka, akaniuliza, "Wewe ulijua? Ulipokuwa mle peke yako, ulijua unachotaka?"

Nilikuwa nimeweka alama pale aliposema Mwalimu Eustaki, haraka, bila hata kusoma majina. Kesho yake mashine ilikuwa inafunguliwa saa moja asubuhi.

"Nilijua," nikamwambia.

"Una bahati," alisema, na aliniamini.